Pembe ya Nne

Kwetu Marui mtoto mchanga halazwi juu ya kitu kipya. Kabla hajazaliwa, bibi yake anapita kwa wanawake wa ukoo, mmoja mmoja, akiomba kanga kuukuu, na anayetoa iliyo nzima bado anarudishiwa. Inayotakiwa ni ile iliyofuliwa mpaka imelainika kama sikio la mbuzi, ile ambayo mwenyewe anaona haya kuianika kamba ya mbele. Mama yangu alikuwa akizipanga tatu au nne, moja juu ya nyingine, anafunika juu kwa viraka vya mraba alivyokata kwenye zilizobaki, kisha anazipiga bandi kwa mkono, mstari baada ya mstari, mpaka zinashikana na kuwa kitu kimoja. Sisi tunaliita tandiko, basi. Watu wa mjini siku hizi wananunua vitu vya namna hiyo vikiwa ndani ya nailoni yenye picha ya dubu, na sina ugomvi nao. Mimi mwenyewe niliwahi kuwa mtu wa mjini.

Kanga mpya ilikataliwa kwa sababu bado itarudi, yaani itapungua ikifuliwa. Ukiichanganya na zilizozeeka, siku ya kwanza ya kufuliwa yenyewe inarudi peke yake na kuvuta wenzake, na tandiko zima linakunjamana. Maneno ya kanga nayo hayakuachwa mazima. Mama aliyakata katikati makusudi, nusu kiraka hiki na nusu kile, akisema mtoto hawezi kulalia vijembe vya watu wazima. Kwa hiyo mimi nilijifunza kusoma kwa nusu maneno. Nilipoanza darasa la kwanza nilimshangaza mwalimu kwa kusoma "NIPENDE" bila kusita na kuuliza mbona lina mwisho.

Lakini habari yangu ni ya pembe. Tandiko lina pembe nne, na mama alifunga tatu tu. Ya nne aliiacha wazi kiasi cha shubiri moja, na uzi hakuukata. Aliuviringa akauficha ndani ya ule uwazi, urefu wa mkono mzima, ukisubiri. Mtoto akishazaliwa na kulia, aliyemzaa ndiye anayeifunga. Hivyo ndivyo ushonaji ulivyofundishwa kwetu. Huketishwi ukiwa binti na kuambiwa jifunze. Unajifungua, unarudi kwa mama yako kwa siku arobaini, huna pa kwenda, mtoto analala, unapewa sindano na subana ya kukinga kidole, unaambiwa haya, funga.

Ndiyo maana kila tandiko la kwetu lina pembe tatu nzuri na moja mbaya. Mama aliweza kushika pembe ya nne ya tandiko lolote, bila hata kuliangalia, akasema huyu alikuwa na haraka, huyu alishona huku analia, huyu mumewe alikuwa hajaja kumwona mtoto. Tukicheka anatuambia tukacheke nje, tunamkanyagia vitambaa.

Mimi nilijifungulia Kibaha. Nilikuwa katibu muhtasari katika ofisi moja, nachapa barua bila kutazama vidole, na nilikuwa nimejenga chumba na sebule Mkuza, basi nikajiona mtu. Nilikataa kwenda Marui kukaa arobaini. Nilisema kule ni mbali na hospitali, na hiyo ilikuwa kweli. Kweli nyingine, ambayo sikuisema, ni kwamba sikutaka kukaa chini nikiamrishwa na mama kama mwali aliyewekwa ndani. Basi akaja yeye. Alikaa nami wiki tatu, akanipikia uji, akanikanda, akamwogesha mtoto, kisha korosho zikaanza kudondoka shambani akalazimika kurudi. Aliniachia tandiko na subana yake.

"Ukipata nafasi," alisema.

Nafasi nilipata. Nilikaa mara moja, nikajichoma mara tatu, nikashona vidole vitatu vya mshono ambao mtoto wa chekechea angeuonea haya, nikaufumua kwa hasira. Siku niliyotoka kwenda Kongowe kununua sabuni nililikunja tandiko nikalitia kwenye mfuko. Kwenye baraza ya duka palikuwa na fundi cherehani. Alilipokea, akaligeuza, akavuta ule uzi wa mama.

"Huu uzi unaoning'inia nikate?"

"Sukuma ndani," nilimwambia. "Shona juu yake."

Alimaliza kabla sijamaliza soda. Pembe ilinyooka kama kola ya shati. Nilirudi nyumbani nikijipongeza kwa akili yangu, na mwanangu, binti, alilalia tandiko lile mpaka alipoanza kutembea.

Mama alipokuja tena, alilikuta kwenye kamba. Alipita na kidole kwenye pembe ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alipofika ya nne kidole kilisimama kidogo, kisha kikaendelea.

"Imenyooka," alisema.

Nikasema asante. Nilijua kabisa kwamba hakuwa akinisifu, na bado nikasema asante.

Kama ni kazi ya mikono, binti yangu aliniruka mimi akaenda moja kwa moja kwa bibi yake. Kila shule ikifungwa alitaka Marui. Wenzake wanataka kwenda kuona maghorofa, yeye anataka kwenda kukaa kitako na bibi kukata viraka. Hakusubiri kuzaa ili afundishwe, alimsumbua bibi yake mpaka utaratibu ukavunjwa kwa ajili yake, na alipofika kidato cha pili bandi yake ilikuwa ndogo na sawasawa, mama anaionyesha kwa majirani. Mimi niliona wivu. Leo nalisema kwa sababu hakuna tena wa kumwonea.

Siku moja alirudi kutoka Marui, akafungua sanduku langu, akalitoa tandiko lake la utotoni na kukaa nalo kitandani. Alipapasa pembe zote. Nilikuwa mlangoni, na nilijua kinachokuja.

"Mama, hii si mkono."

"Si mkono vipi?"

"Hii ni cherehani, mama. Hapa ulichemka."

Nilimfokea. Nilimwambia kwamba wakati yeye ananyonya mimi nilikuwa naamka kwenda kazini, kwamba uzi haujamlisha mtu, na mengine ambayo mama hufoka akishikwa. Alinisubiri nimalize. Alikuwa na tabia hiyo ya bibi yake, ya kukusubiri.

"Sawa," alisema. "Basi utanishonea upya siku moja. Uifumue, uifunge kwa mkono wako. Hata kama itakuwa mbaya kama njia ya konokono, nitaipenda tu."

"Nitashona," nikasema.

Alinikumbusha alipomaliza kidato cha nne, alipoanza kazi, na siku tatu kabla ya ndoa yake, nikiwa nimezungukwa na masufuria ya pilau. Kila mara nilisema nitashona. Sikuwa nasema uongo. Nilidhani muda upo, na yeye yupo, na mama yupo, na kitu chenyewe ni shubiri moja tu.

Alipopata mimba, yeye na bibi yake walishona pamoja tandiko la mtoto. Macho ya mama yalikuwa yameanza kuingia ukungu, kwa hiyo mama alikata na kupanga kwa vidole, na binti akapiga bandi. Nilitoa kanga yangu moja, ya kijani, ikakubaliwa baada ya kuvutwavutwa na kunuswa. Waliacha pembe ya nne wazi na uzi ndani, kama kawaida. Binti yangu alijigamba kwamba kwa mara ya kwanza tangu ukoo uanze kutakuwa na pembe ya nne nzuri, maana yeye anaijua kazi tayari. Mama akamwambia asijisifu kabla mtoto hajalia.

Mtoto alilia. Wa kike, mzima, sauti kubwa. Siku ya tatu presha ya mama yake ilipanda, wauguzi wakaihangaikia asubuhi yote, na haikushuka. Adhuhuri nilikuwa nimeshika mjukuu mkono mmoja na viatu vya binti yangu mkono wa pili, nimesimama, sijui niende wapi. Sitaki kuandika zaidi ya hapo.

Tulimzika Marui, nyuma ya mikorosho. Watu walikuja wengi, wakakaa mikekani, wakaniambia nishukuru amebaki mtoto. Niliwachukia kwa hilo, wote, hata wale waliosema kwa huruma. Mume wake, kijana wa bara, alikaa matanga yote akitazama mikono yake, na mwishowe akaniomba nimlee mtoto, yeye atakuwa anakuja. Anakuja kweli, simlaumu. Mama hakulia mbele ya watu. Alikuwa ndani na kichanga, amekilaza juu ya lile tandiko lenye pembe wazi, na kila nilipoingia nilikuta kidole chake kiko kwenye ule uwazi, kana kwamba anazuia kitu kisitoke.

Ilipopita arobaini, asubuhi moja, mtoto amelala, nilimwendea uani alikokuwa anachambua mchicha. Nikamwekea tandiko la mtoto mapajani.

"Mama, tufungie hii pembe."

Alipapasa, akajua ni nini, akanirudishia.

"Si yangu."

"Basi nifundishe. Nitaifunga mimi."

"Si yako pia."

Nikashindwa kujizuia. Nilipiga kelele mpaka kuku wakakimbia. Nilimwuliza mwenyewe yuko wapi basi, si tumemzika hapo nyuma? Nani atakayekuja kuifunga? Na kama nilikosea zamani, nitasamehewa vipi, maana hata kusema hakusema, aliniacha miaka yote na neno moja. Nilisema mambo mengine ya kitoto kuhusu udongo na uzi. Mama aliendelea kushika mchicha wake, hachambui, ameushika tu, mpaka nilipoishiwa pumzi.

"Mwenyewe huyo ndani amelala," alisema. "Akikua ataifunga yeye. Hana mama wa kumfungia, lakini ana mikono. Mimi sitakuwepo wakati huo, nawe usinidanganye kwamba nitakuwepo. Wa kumfundisha ni wewe. Na wewe hujui."

Nililikunja tandiko la mtoto.

"Lete lile la mama yake."

"Liko Mkuza."

"Lifuate basi. Au limekuwa mbali na hospitali?"

Nilicheka. Kwa mara ya kwanza tangu msiba nilicheka, na nikiwa katikati ya kucheka nikaanza kulia, nikalia pale chini mpaka mchicha ukanyauka.

Nilirudi nalo keshokutwa yake, nimelikunja kwenye mkoba. Tulikaa barazani, mama kwenye kigoda, mimi kwenye mkeka. Nilikuwa na umri wa miaka hamsini na minne. Alinipa wembe uliovunjwa nusu akaniambia nifumue mshono wa fundi.

"Ulijua siku ile ile?" nilimwuliza.

"Cherehani inatumia nyuzi mbili, mwanangu, mmoja juu na mmoja chini. Mkono una uzi mmoja. Hata kipofu anajua."

"Mbona hukuniambia?"

"Si nilikuambia imenyooka?"

Nilifumua polepole. Zile nyuzi mbili za fundi zilitoka vipande vipande, nikaviweka kwenye kifuniko cha sufuria. Pembe ilipofunguka niliona ndani rangi za zile kanga kama zilivyokuwa zamani, nyekundu ya shangazi yangu bado nyekundu, kwa sababu jua halikuwahi kufika pale. Na uzi wa mama ulikuwepo. Umeviringwa vile vile alivyouacha, umebonyea kidogo pale nilipomwambia fundi ausukume. Bado ulikuwa umeshikilia mahali mama alipoishia, haujakatwa. Ulikaa humo ukinisubiri tangu binti yangu ana wiki chache mpaka siku arobaini na kitu baada ya kuzikwa kwake.

Nilimpa mama aushike. Aliupitisha kati ya vidole vyake, hatua kwa hatua, mpaka mwisho.

"Tunga," alisema.

Kutunga sindano kulituchukua muda. Yeye haoni, mimi bila miwani sioni, na miwani niliiacha Mkuza kwa sababu ya haraka. Mara ya sita uzi uliingia. Akanivalisha subana kwenye kidole cha kati, ile ile aliyoniachia zamani na ambayo nilimrudishia ikiwa haijatumika, kisha akanishika kifundo cha mkono.

"Usivute. Ukivuta kitambaa kinakunja uso. Ingiza, toa, ingiza, toa, ndipo ufuatishe uzi. Usiangalie unakokwenda, angalia ulipo."

Nilishona. Mshono wa kwanza ulikuwa mkubwa kama wa gunia. Wa pili ulipinda. Kila nikichoma, mama alipita na kidole chake nyuma yangu, na hakuniambia nifumue hata mmoja. Nilitaka aniambie. Nilitaka anikaripie, anipige kofi la mkono kama zamani nilipomwaga unga, kwa sababu binti yangu aliomba kitu kimoja maisha yake yote, kitu cha asubuhi moja, na sasa nakifanya bila yeye kuwepo. Nilimwambia mama hivyo hivyo, kwa maneno hayo.

"Najua," alisema. "Shona."

Zikiwa zimebaki kama vidole vitatu kufika mwisho, uzi ulikatika. Ulikuwa umechoka, umefuliwa ukiwa ndani ya kitambaa miaka mingi kuliko uzi unavyotakiwa kuishi. Nilibaki nimeshika sindano yenye kipande kifupi. Niliona ndiyo basi, hata uzi umenikataa.

Mama alinyoosha mkono kwenye kikapu chake akanipa mwingine, mweusi, ndio uliokuwa karibu.

"Unga hapo."

"Fundo nilifiche wapi?" Hilo nililijua hata mimi, kwamba fundo la tandiko linafichwa katikati ya tabaka za kanga, lisimkwaruze mtoto.

"Nani analilalia tena?" alisema mama. "Usilifiche."

Mama alifariki mwaka juzi, mchana, akiwa amekaa. Mjukuu wangu sasa ana miaka sita. Tunaishi Mkuza, na matandiko yote mawili yako kwenye kitanda chake, la kwake na la mama yake. La kwake pembe bado iko wazi. Ana tabia ya kuingiza kidole mle ndani anapotaka kusinzia, na uzi ameshauona, anajua hauguswi. Nimemwahidi kwamba likizo hii tunaanza, na safari hii sindano nimeinunua kabisa, nimeichomeka kwenye pazia ninapoiona kila siku.

Wiki iliyopita, baada ya kutoka shule, alikuwa amelala kifudifudi akisoma nusu maneno kwenye viraka. Alifika kwenye pembe ya tandiko la mama yake akaacha kusoma. Akafuata mshono wangu kwa kidole, ule wa rangi mbili, mpaka kwenye fundo.

"Bibi, hapa nani alishona?"

"Mimi."

"Mbona kama kapita konokono?"

Hakuna aliyemfundisha hilo neno. Nilimwambia ni kweli, konokono kapita. Akalibonyeza fundo, akafikiri.

"Mama alipoliona alisemaje?"

Nilikuwa nimeshika nguo za kupasi. Nikaziweka chini.

"Hakuliona," nikamwambia. "Nilichelewa."